Komeo Lililogoma Angani

Mwalimu alifika kwenye kibanda changu cha kushona na kutengeneza cherehani pale Jules Street, Malvern, hapa Joburg, akiwa na suruali ya kupunguzwa urefu. Ilikuwa mwaka uliofuata Kombe la Dunia, na kwenye rafu yangu yalikuwa yamebaki majora mawili ya nailoni nyepesi niliyonunua Fordsburg kwa ajili ya kushona bendera. Wageni walikuwa wamesharudi kwao, hakuna aliyetaka bendera tena, nami nikabaki na manjano na kijani vya kutosha kufunika nusu ya mtaa.

Aliisahau suruali yake mkononi akawa anaitazama ile nailoni.

"Dada, kitambaa hiki kinapitisha upepo?"

Nilikata kipande, nikakibana mdomoni, nikapuliza kwa nguvu zangu zote. Mashavu yalivimba, pumzi haikutoka.

"Hakipitishi."

"Basi nishonee parachuti."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa Mkenya, anafundisha sayansi kwenye shule ya sekondari dakika chache kutoka hapo, na Kiswahili chake cha Nairobi na changu cha Buyenzi, Bujumbura, vilikuwa vinagongana mara kwa mara, kwa hiyo nilifikiri labda kwao parachuti ni jina la vazi fulani. Alivuta kiti cha wateja akaketi, akanieleza. Yeye na rafiki yake mmoja walikuwa wanaunda chombo cha kwenda juu ya mawingu yote, mahali ambapo saa sita mchana mbingu ni nyeusi. Hawakuwa na roketi. Walikuwa na puto kubwa la gesi ambalo lingekibeba chombo hadi lipasuke lenyewe kwa sababu hewa ya huko ni chache. Hapo chombo kingeanguka, kipige picha kikianguka, kisha mlango wake ufunguke na parachuti itoke, kitue taratibu.

"Kwa nini msiifungue parachuti tangu mwanzo?" niliuliza.

"Kwa sababu vyombo vya kweli vinarudi hivyo," alijibu, na sura yake ikawa ya mtu wa miaka kumi.

Nilimpunguzia suruali, na parachuti nikakubali.

Rafiki yake nilimkuta Jumamosi iliyofuata kwenye gereji ya nyumba ya Mwalimu. Alikuwa mzee wa Soweto, fundi wa lifti aliyestaafu, mrefu, na koti la kazi lililopigwa pasi mpaka mikono yake ina mstari. Aliniita sisi, yaani dada kwa Kizulu. Mimi nilimwita Baba, neno ambalo kwake na kwangu ni lilelile, na nadhani urafiki wetu ulianzia kwenye neno hilo moja ambalo halikuhitaji mkalimani. Mengine tulisema kwa Kiingereza cha kuokoteza, na tulipokwama Mwalimu alitukwamua.

Kazi ya Baba ilikuwa komeo la mlango wa chombo. Lilikuwa dogo, refu kama kidole cha shahada. Kipini cha chuma kiliingia kwenye tundu na kuushikilia mlango. Springi ilikivuta kipini kitoke, lakini uzi mwembamba wa nailoni ulikizuia. Wakati ukifika, waya mdogo ungepata moto, ungeunguza uzi, springi ingevuta, kipini kingechomoka na mlango ungefunguka. Basi. Alinionyesha mara tatu, na kila mara lilisema *tak*, na kila mara alinitazama usoni kuona kama nimefurahi.

Parachuti ilinichukua wiki tatu. Nilikata vipande vya manjano na kijani kama vya chungwa lililomenywa, nikaviunga kwa mshono wa kukunja mara mbili. Kamba nilizikunja nikazifunga kwa vijiuzi vya pamba, dhaifu makusudi, ili vikatike vyenyewe parachuti itakapotoka. Sikuwa nimewahi kushona kitu ambacho maisha ya kitu kingine yanakitegemea. Hata gauni la bibi harusi likikosewa, harusi inaendelea.

Tulirusha asubuhi moja ya baridi, nje ya jiji, kwenye mashamba makubwa ambayo mahindi yake yalishavunwa. Kibali cha watu wa usafiri wa anga Mwalimu alikuwa nacho mfukoni, na alikishika-shika kila dakika kama paspoti. Puto liliondoka bila sauti yoyote. Hilo ndilo lililonishangaza zaidi, maana nilitarajia walau kishindo. Lilipanda, likawa kama lulu, likawa nukta, likapotea, na sisi tukaingia kwenye pikapu ya Baba na kulifuata kwa kifaa kilichokuwa kinatupa habari za mahali lilipo.

Baada ya saa mbili hivi Mwalimu alipiga kelele, "Limepasuka! Kinashuka!"

Tulishangilia. Halafu Mwalimu aliendelea kutazama kile kifaa, na kushangilia kwake kukaisha kabla ya kwetu.

"Hakipunguzi mwendo," alisema.

Tulikikuta katikati ya shamba tupu, kimejichimbia hadi nusu. Hapakuwa na nyumba wala mtu karibu, namshukuru Mungu. Boksi la chombo lilikuwa limepasuka upande mmoja, kamera imekuwa vipande. Mwalimu alivua kofia yake ya sufu akasimama kama tuko msibani.

Mimi sikuona boksi. Niliona parachuti yangu tu, au tuseme niliona kwamba haionekani. Nilikuwa mgeni kwenye nchi hii, mwenye makaratasi ya ukimbizi yanayopaswa kufanywa upya kila mara, na nilikuwa nimeshajifunza kwamba jambo likiharibika, macho hutafuta kwanza mtu aliyetoka mbali. Nilianza kujitetea kabla sijaulizwa. "Mshono ni wa kukunja mara mbili," nilisema. "Nilitumia uzi mzuri."

Baba aliinua mkono. "Sisi, hapana. Asiseme mtu neno lolote mpaka tuone. Lifti ikikwama, wa kwanza kulaumiwa ni yule aliyebonyeza kitufe, na yeye maskini alitaka tu kwenda ghorofa ya nne."

Kisha alitukataza kugusa. Alikuwa amechunguza lifti zilizoharibika kwa miaka mingi, na alikuwa na taratibu zake. Tulipiga picha kila upande, tukapima shimo, tukakichimba chombo pamoja na udongo wake, tukakifunga kwenye blanketi. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimekipakata kama mtoto mgonjwa.

Jumamosi ya kwanza ya uchunguzi ilikuwa zamu ya kitambaa. Baba alikata boksi polepole kwa msumeno mdogo, akanisogezea kilichokuwamo. "Wewe ndiye unayekijua," alisema. "Tuambie kilichotokea."

Niliiweka parachuti kwenye meza. Macho yangu yakaanza kusoma. Nguo iliyokunjwa na kukandamizwa hushika mistari. Mistari yangu yote ilikuwepo, mikali, kama nilivyoikunja mwenyewe. Na vile vijiuzi vya pamba, vile dhaifu, vilikuwa vizima. Vyote.

"Haikutoka," nilisema. "Haijatoka hata inchi moja. Ingetoka, hivi vingekatika."

Mwalimu aliinama na lenzi ya kukuzia, akahesabu vijiuzi kimoja kimoja, akaniangalia. "Dada, uko huru."

Nilicheka, nikalia kidogo, nikacheka tena. Halafu niliona kwamba Baba hakuwa anacheka. Alikuwa anatazama komeo. Kama parachuti haikutoka, basi mlango haukufunguka, na mlango ulikuwa wake. Nikaionea haya furaha yangu.

Jumamosi ya pili tulilichunguza komeo. Kipini kilikuwa kimepinda pale hasa kinapoingia tunduni, maana yake kilikuwa bado ndani ya tundu wakati chombo kinapiga ardhi. Lakini uzi wa nailoni ulikuwa umeungua vizuri, ncha zake zimekuwa vijidonge vyeusi. Kwa hiyo umeme ulifika, waya ulipata moto, uzi ulikatika, na bado kipini kilikaa mahali pake kama mtu asiyesikia anaitwa. Baba alikuwa na komeo la pili, pacha wa lile. Tulilijaribu pale mezani mpaka Mwalimu akachoka kuhesabu. *Tak. Tak. Tak.* Halikukosea hata mara moja.

Mwalimu akaja na nadharia. Alikwenda jikoni akarudi na pakiti ya chipsi. "Mmewahi kuona pakiti za chipsi zinazoletwa kutoka Durban, kule pwani? Zinafika Joburg zimevimba. Huku juu hewa ni pungufu, basi iliyomo ndani inasukuma. Sasa fikirieni chombo chetu kule juu! Hewa ya ndani iliusukuma mlango, mlango ukakibana kipini."

Ilikuwa nadharia nzuri sana. Tuliipenda kwa robo saa nzima na kula chipsi zenyewe. Kisha Baba akageuza boksi na kutuonyesha matundu manne madogo chini yake. "Niliyatoboa kwa sababu hiyohiyo," alisema kwa upole. "Lilikuwa linapumua."

"Eish," aliguna Mwalimu kama mwenyeji, maana alikuwa amekaa Joburg muda wa kutosha.

Wiki mbili zilipita bila jibu. Julai ilikuwa imekaza, asubuhi majani yana barafu nyeupe, na mimi nafungua kibanda nikiwa nimevaa sweta mbili. Asubuhi moja alikuja mteja wangu, fundi cherehani Mkongomani wa upande wa pili wa barabara, amebeba kichwa cha mashine yake kubwa kifuani.

"Dada, mashine hii ina uvivu," alisema. "Asubuhi inagoma kabisa. Ikifika saa sita inashona kama malaika."

Nilifungua kifuniko cha chini. Ndani kote kulikuwa na grisi nzito, ya gari, imeganda kama samli.

"Nani amekuwekea hii?"

"Mimi mwenyewe. Niliona mafuta ya cherehani yanakauka upesi. Nikasema niipe kitu cha kudumu."

Nilizungusha gurudumu kwa mkono. Lilikwenda kwa shida, polepole, kama linavuta tope. Nikasogeza hita ya umeme karibu, tukangoja kidogo, nikazungusha tena. Lilikwenda laini.

Nilibaki nimeshika lile gurudumu. Mkongomani aliniuliza kama naumwa. Nilikuwa nimekumbuka kikopo chekundu kwenye meza ya gereji, na kidole cha Baba kikizama ndani yake asubuhi ile ya kurusha, na yeye akikipaka kipini kwa uangalifu wote, kama mama anavyompaka mtoto mafuta kabla ya kwenda shule.

Sikumpigia Mwalimu simu. Nilijua angefurahi kwa sauti kubwa. Jumapili nilikwenda Soweto, nyumbani kwa Baba. Mke wake alinipokea kwa chai na magwinya ya moto, yale maandazi yao makubwa, na tukaongea habari za baridi, na za watoto wao, na za magoti yake, mpaka Baba mwenyewe akasema, "Sisi, hukuja mpaka huku kwa ajili ya magwinya."

Nilimweleza habari za cherehani ya Mkongomani. Sikusema zaidi. Nilikuwa natazama kikombe changu.

Halafu alisimama, akaenda kwenye stoo nyuma ya nyumba, akarudi na kile kikopo. Alikifungua, akachovya kidole, akasugua grisi kati ya vidole viwili.

"Hii ni grisi ya lifti," alisema. "Nimeitumia tangu kijana. Haijawahi kuniangusha."

"Kwenye lifti hakuna baridi ya huko juu, Baba."

"Hapana. Hakuna." Alifunga kikopo. "Siku ile nilipaka mara mbili. Nilipaka, nikaona haitoshi kwa safari ndefu hivyo, nikaongeza."

"Inawezekana si hiyo," nilisema haraka. "Inawezekana ni kitu kingine."

"Usinihurumie, sisi. Tujaribu."

Mahali pa kujaribia nilipajua. Fordsburg kulikuwa na mwenye bucha ambaye mkewe alishona sare za shule, na cherehani zake nilizitengeneza mimi. Kila mtu alimwita Anko. Nyuma ya bucha yake kulikuwa na chumba cha baridi kali ambamo nyama iligeuka kuwa jiwe. Tulifika asubuhi, sisi watatu, na makomeo mawili mapya. Moja Baba alilipaka ile grisi, mara mbili, kama siku ile. Jingine tuliliacha kavu, ila tulilisugua kwa risasi ya penseli, kwa sababu hiyo huteleza bila kuganda.

Anko alisikiliza maelezo yetu akiwa na kisu mkononi. "Kwa hiyo mnataka kuniwekea vyuma vya angani kati ya kondoo wangu?"

"Kwa saa chache tu, Anko."

"Hamtalipa chochote," alisema. "Lakini nataka kuwepo."

Tuliyaacha makomeo mpaka baada ya adhuhuri. Anko aliporudi kutoka msikitini alitukuta tunamngoja mlangoni, akavaa koti lake la baridi, akatugawia mengine, na tukaingia wote wanne tukiwa tumejazana kati ya mizoga kama abiria. Baba aliunganisha betri kwenye komeo lenye grisi. Waya ukawa mwekundu. Uzi ukakatika, tuliuona wote kwa tochi ya Mwalimu.

Kipini hakikwenda popote.

Kisha kipini kilisogea, kidogo, kwa uvivu mkubwa, kikafika nusu na kusimama. Springi ilikuwa imekaza yote, inavuta, na grisi inakatalia.

"Na huko juu baridi inazidi hii," alisema Mwalimu kwa sauti ndogo. "Inazidi sana."

Baba aliunganisha komeo la pili, lile kavu. *TAK!* Mlio uligonga kuta za bati, na Anko akaruka, kofia yake ikaangukia kwenye bega la kondoo.

Aliyeanza kucheka ni Baba. Alianza taratibu, mabega yakitikisika ndani ya koti la bucha lisilomtosha, halafu akacheka mpaka mvuke ukamzunguka uso. "Nilikipaka kwa upendo!" alisema. "Kwa upendo, mara mbili!" Tukacheka wote, meno yakigongana, mpaka Anko akatutoa nje kabla hatujaganda, akatukaanga maini na kutuketisha nyuma ya kaunta.

Mwalimu alikuwa ameamua tuandike ripoti, ili ionekane tumefanya kazi kama watu wanaojua. Aliiandika vizuri, na picha, na michoro. Kwenye sehemu ya chanzo cha ajali aliandika kwamba "timu ilitumia kilainishi kisichofaa kwa baridi kali." Baba aliisoma, akaomba kalamu, akafuta neno *timu*. Juu yake aliandika, kwa herufi zake za mtu wa michoro ya ufundi: *mimi*.

"Baba, tulikuwa wote," alisema Mwalimu.

"Kwenye kufurahi tutakuwa wote. Hapa anayefuata akisoma lazima ajue amuulize nani."

Nilikitazama kile kijineno kwa muda. Mimi shambani nilikuwa nimejitetea kabla hata sijashitakiwa, na mzee huyu aliweka jambo lake mezani kama anaweka funguo.

Tulirusha tena mwezi Septemba, baridi ilipoanza kulegea huku chini. Springi ilikuwa na nguvu zaidi, komeo kavu, na kabla ya kuondoka lililala siku mbili kwa Anko, ambaye alitupigia simu kila asubuhi kutuambia hali yake. Puto lilipanda kimya vilevile. Lilipopasuka hakuna aliyeshangilia. Mwalimu alishika kifaa kwa mikono miwili, midomo yake inasogea.

"Kinashuka," alisema. "Bado kinashuka kwa kasi. Bado. Bado." Halafu: "Kimepunguza."

Baba alisimamisha pikapu pembeni ya barabara akafumba macho.

Tulikikuta kwenye malisho, karibu na birika la maji la ng'ombe. Parachuti yangu ilikuwa imelala kwenye nyasi, manjano na kijani, imefunguka yote, na ng'ombe mmoja mwekundu alikuwa ameshaanza kula ukingo wa kitambaa. Nilimkimbilia nikipiga makofi. Tulivutana, nami nikashinda, ingawa alibaki na kiasi fulani mdomoni. Mchungaji wa ng'ombe wale, mwanamume wa makamo mwenye blanketi begani, alisimama kututazama bila haraka.

"Kimetoka wapi?" aliuliza kwa Kizulu. Baba alinyoosha kidole juu kabisa. Mchungaji akatazama juu, akatutazama sisi, akatazama juu tena.

Mwalimu alikuwa ameshatoa kadi ya kamera na kuichomeka kwenye kompyuta, juu ya boneti ya pikapu. Picha nyingi zilikuwa za mawingu na za jua lililochoma lenzi. Kisha ikaja moja ambayo mbingu yake ilikuwa nyeusi tititi, na chini yake dunia imepinda, kahawia, na ukanda mwembamba wa buluu umeizunguka ukingoni. Mke wa Baba alikuwa ametufungia chai kwenye chupa, na Mwalimu aliimimina kwenye vikombe bila kuangalia, ikamwagika.

Mchungaji alijipenyeza kati yetu, akasogeza uso karibu na kioo.

"Nyumba yangu iko wapi hapo?" aliuliza.

Mwalimu alianza kueleza habari za umbali na pembe ya kamera. Baba hakumngoja. Aliinama, akaitazama ile picha kwa makini, akaweka ncha ya kidole mahali pamoja kwenye ile kahawia. Sidhani kama ndipo. Lakini yule bwana alitikisa kichwa polepole, akakubali, akasema hata mvua ikichelewa tena mwaka huu, angalau sasa ameona kwamba kwa jirani napo ni pakavu vilevile.